Mtani Wetu Hakuwa Kiwete

Siku tuliyomzika Mtani, nilivaa kanga yake ya kahawia, nikajitwika tenga lake tupu, nikatembea kutoka mlangoni kwake hadi kwenye migomba. Nikageuka, nikarudi, nikakaa. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa akimenya ndizi za msibani alisema kwa sauti, "Sasa huyo ndiye nani? Mbona hachechemei?"

Mwenzake akamjibu, "Muache. Wenzake wana midomo, yeye ana masikio tu."

Ni kweli, sijui utani. Lakini siku ile nilikuwa natimiza nilichoagizwa, na nadhani nilikifanya vizuri. Niliondoa tenga kichwani nikaenda kuchota maji.

Kwa asiyetoka kwetu mlimani nieleze. Ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu mababu. Wakifiwa wao, sisi ndio wa kuchimba kaburi, kubeba kuni, kupika, na kumwigiza marehemu mbele ya wafiwa mpaka wacheke. Tukifiwa sisi, wao hufanya hivyohivyo. Upande wao, kwa miaka yote niliyo na akili, kazi ya kuigiza ilikuwa yake. Nyumbani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Mtoto akitumwa aliambiwa, "Kamwite Mtani," naye alijua aende wapi.

Baba yangu alipofariki, mama alikaa siku mbili bila kula wala kulia. Macho makavu, mikono mapajani. Mtani akaingia amevaa koti la baba. Akasimama katikati ya wanawake, akakohoa mara tatu kama baba alivyokohoa kabla ya kusema neno lolote, hata la kuomba chumvi. Akakunja suruali ya hewani, maana yeye alivaa kanga, akamwangalia mama. "Mke wangu, chai iko wapi? Nimekufa, sijafunga." Mama alicheka mpaka akajishika mbavu, na kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka adhuhuri. Jioni alikula ugali. Nilikuwa msichana wakati huo, na nilielewa kwamba yule mwanamke alikuwa na kazi, kama fundi cherehani alivyo na kazi.

Jeneza la baba lilipotaka kutoka, alilala njiani chali. "Hapiti mtu. Huyu miaka yote amekula stroberi zangu zilizooza, ananiambia tamu. Aniombe radhi kwanza." Wanaume wakambembeleza, mmoja akampa kuku, akainuka akapisha.

Watani wana haki ya kuchukua vitu vya marehemu, naye alichukua. Sufuria, jembe, mwavuli, hata kitanda aliwahi kukibeba. Watu wakamwita mlafi. Lakini ikishapita arobaini, mwenye msiba akiamka asubuhi anakuta sufuria yake mlangoni, imesuguliwa ikang'aa. Ukimuuliza Mtani anakukasirikia. "Mimi nirudishe? Nina wazimu? Labda wezi wa siku hizi wana aibu."

Alikuwa akituchunguza wote tukiwa hai. Tulikaa pamoja sokoni Morogoro, mimi na karoti zangu, yeye na stroberi na njegere zake, akanigusa kwa kiwiko. "Mwone yule bwana mkubwa. Anashika kiuno kabla ya kusema uongo. Namwekea akiba." Akiba yake ilikuwa kichwani. Alikuwa nayo ya kila mtu katika kijiji, namna ya kupiga chafya, namna ya kufunga kanga, namna ya kukataa chakula huku mkono unaenda kwenye sahani. Nilimuuliza siku moja kama anayo yangu.

"Wewe?" akasema. "Wewe nitakaa kimya dakika tano halafu niondoke. Watu watalia kwa jinsi nilivyokupata."

Alikuwa na sheria moja tu ya kazi hiyo, na aliisema mara nyingi, hasa kwa vijana wa ukoo wao waliotaka kujifunza. Marehemu aigizwe alivyoishi, si alivyougua. Aliyekufa kwa kukohoa, usimkohoe. Aliyepooza, mtembeze. Alisema, "Kitanda si mtu."

Kwa miaka arobaini alishuka mlima Jumatano na Jumamosi na tenga kichwani. Njia yetu ni mteremko wa udongo mwekundu, ikinyesha inateleza kama sabuni. Wengine wetu tulishuka kwa kukaza magoti, vidole vinang'ang'ania ardhi. Yeye alishuka mwili umenyooka, mkono mmoja unagusa ukingo wa tenga kwa ncha za vidole tu, kiuno kinayumba kidogo kushoto, na midomo inapiga mluzi usio na wimbo. Ukiwa nyuma yake ulisahau kwamba njia ni mbaya. Mwendo ule ndio ninaousema hapa. Mengine yote juu yake watu wanaweza kusimulia kuliko mimi.

Mtu huyu aliyefichua siri za kila maiti hakuweza kusema kwamba anaharisha. Neno hilo halikutoka kinywani mwake hata mbele ya daktari. Aliita mvua. "Leo kuna mvua," alisema, jua linawaka. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa. Tulipofika mjini hakuja moja kwa moja sokoni, alipitia mtaa wa Kilakala kwa fundi mmoja wa nguo, akaniambia mama yule ni mteja wake mzuri. Baadaye fundi alinieleza mwenyewe. "Huyo shoga yako hajawahi kuniuzia hata stroberi moja. Kila Jumatano na Jumamosi choo changu ni chake. Nilikuwa namwonea huruma, sikutaka kumuuliza."

Hilo la tumbo tulilijua kwa kuchelewa. La miguu tuliliona mapema, na wote tulilicheka. Nalisema hili polepole kwa sababu ni langu.

Ulikuwa msiba wa mzee wa mashine ya kusaga. Mzee yule alitembea kama askari, kidevu juu, visigino vinagonga. Mtani aliingia amevaa kofia yake iliyojaa unga, na alikuwa akichechemea. Goti la kushoto lilikataa kukunjika. Aliposema "Leteni mahindi yenu, wezi nyie," kwa sauti ya mzee hasa, watu wakaanguka kwa kicheko. Binti wa marehemu aliyekuwa kando yangu aliniinamia. "Shangazi, mbona baba hakuwa anachechemea?"

Nikamwambia, "Ni utani tu. Ameongeza chumvi."

Ndivyo nilivyosema. Nayakumbuka maneno yangu kama yalivyo.

Msiba uliofuata ulikuwa wa bibi msuka mikeka. Mtani alikuja kifundo cha mkono wa kulia amekizungushia kitambaa, akakataa kupiga ngoma. Tukasema anamwigiza bibi, mikono ya kusuka huwa inauma. Msiba wa tatu ilikuwa mguu mwingine, kifundo kimevimba. Uliofuata goti tena. Na katikati ya misiba akipita njiani akichechemea, watoto walimfuata wakiuliza, "Leo Mtani anamwigiza nani?" Naye aliwajibu, "Babu yenu, mashetani nyie, na mtamfuata." Wakakimbia wakicheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia pole kwa miguu ile. Kwingine mtu akichechemea anaulizwa ameumia wapi. Kwetu sisi, kwa yule mtu, tuliuliza nani amekufa.

Hali hiyo ilikwenda karibu miaka mitano. Kisha ikaja mvua yake, ikaja na kukonda. Kanga iliyomzunguka mara moja ikamzunguka mara mbili. Zahanati walimpa dawa za ameba, halafu za homa ya matumbo. Mjini walimpima UKIMWI mara tatu, hana. Kijijini walisema anao, anaficha. Wakafikiri kifua kikuu cha tumbo, akameza dawa zake miezi sita bila kuruka siku. Hakupona. Sikumlaumu mtu yeyote wakati ule na simlaumu sasa. Kila mmoja alitibu alichokiona, na sisi tulikuwa tumewaonyesha nusu.

Akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Binti yake pekee ameolewa Kisaki na alikuwa ametoka kujifungua, kwa hiyo nilikwenda naye mimi. Watani tunazikana, nikaona tunaweza pia kuuguzana.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, anauliza polepole na kusubiri jibu. Hicho ndicho nilichokipenda kwake, kusubiri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari au mtoto wa daktari?"

Daktari akacheka. "Ndiye mimi, bibi. Kabla tumbo halijaanza, viungo viliwahi kukusumbua? Magoti, vifundo?"

"Mimi? Nimeshuka mlima miaka arobaini. Magoti yangu ni ya chuma."

Akanigeukia. "Mama, wewe unaishi naye karibu. Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

Sikujua kama nasema uongo. Nilikuwa najibu ninachokijua, na nilichokijua ni kwamba Mtani anaigiza.

Kesho yake nilikuwa naanika nguo zake nyuma ya wodi. Mlinzi wa getini alipita akichechemea kufuata kivuli. Nikacheka kidogo, kwa mazoea. Kisha kicheko kikakatika. Mlinzi yule hakuwa akimwigiza mtu. Alikuwa anaumwa mguu. Nilisimama pale na kanga yenye maji mkononi mpaka maji yakanilowesha miguu. Nikamkumbuka mzee wa mashine na visigino vyake. Nikamkumbuka binti yake akiniuliza.

Nilimngoja daktari kwenye korido.

"Daktari, jana nilikudanganya."

"Kuhusu nini, mama?"

"Viungo. Vinamuuma. Tulidhani ni utani."

Nilimweleza. Alinisikiliza bila kutazama saa. Akauliza ilianza mwaka gani.

"Mwaka siujui. Ni msiba wa mzee wa mashine ya kusaga."

"Baada ya huo?"

"Wa bibi msuka mikeka. Hapo ilikuwa mkono."

Nilifikiri atakasirika. Alivuta kiti, akachukua karatasi nyingine. "Nitajie misiba yote," akasema, "na kila msiba nini kilikuwa kinachechemea." Nikamtajia. Aliandika mmoja chini ya mwingine, goti, mkono, kifundo, goti. Alipomaliza alikaa akiitazama karatasi ile. Akasema viungo vikitangulia kwa miaka, vinahamahama, halafu likafuata tumbo, halafu kukonda, kuna ugonjwa mmoja wa bakteria unaokwenda hivyo. Hajawahi kuuona isipokuwa vitabuni. Akasema anaweza kuwa anakosea, lakini atautafuta.

Mtani alipojua nimesema, aligeukia ukuta. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alisema akiwa bado ametazama ukuta, "Mtani wa kweli hutoa siri za mwenzake akishakufa. Wewe umeshindwa kusubiri."

"Kwa nini ulificha?" nikamuuliza.

"Nilificha nini? Nilichechemea mbele ya kijiji kizima."

Nilimtengenezea shuka miguuni.

Wakampitishia mpira wenye kamera kooni mpaka kwenye utumbo mwembamba, wakanyofoa vinyama vidogo, wakavipeleka maabara kutiwa rangi. Tulisubiri wiki kadhaa. Daktari alikuja na picha kwenye simu, madoa ya zambarau yaliyosongamana kama zabibu. Alieleza kwamba bakteria hao ni nadra kuwafanya watu waugue. Wanaaminika kukaa kwenye udongo na maji machafu, na wengi wetu huenda tunakutana nao bila kudhurika, ila kwa watu wachache sana mwili unashindwa kuwamaliza. Chembe za mwili zinazotakiwa kuwala zinawameza, halafu wao wanaishi humohumo.

Mtani alitazama picha kwa muda. "Kama wageni waliokuja msibani wakahamia."

"Hivyohivyo, bibi."

"Na wamekula msiba wangu mimi mwenyewe."

Daktari alitaka kucheka, hakucheka. Alisema hawakai tumboni tu, wanakwenda kwenye viungo, kwenye moyo, kwenye kichwa. Walichukua maji ya uti wa mgongo, na humo pia wakawakuta. Nilikuwa nimeona mambo madogo. Mtani aliniuliza jambo moja mara mbili, alisahau jina la mjukuu. Nilidhani ni njaa na uchovu.

Matibabu yalikuwa sindano za mshipa siku kumi na nne, na baada ya hapo vidonge vya septrini asubuhi na jioni kwa mwaka mzima. Kijijini kila mtu anazijua septrini, na kila mtu anajua, au anadhani anajua, nani humeza septrini kila siku. Nilimwambia tuzihamishie kwenye kopo la karafuu. Alikataa. Alizimezea nje, kwenye mkeka, saa watu wanapotoka shambani. "Ndiyo, septrini," alimwambia jirani aliyepunguza mwendo kutazama. "Umeona vizuri au nikusogezee? Haya, nenda ukatangaze, mimi miguu inauma." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema miguu inauma.

Mimi nilikwenda kila jioni kuhakikisha amemeza.

"Fungua mdomo."

"Wewe mdomo wako mwenyewe huufungui, wangu unautaka wa nini?"

"Fungua, Mtani."

Alifungua. Mwaka ule haikupita hata siku moja bila kumeza. Nimejiuliza kama nilikuwa namtibu yeye au najitibu mimi.

Mvua yake ilikatika mwezi wa pili wa dawa. Nyama ikarudi mashavuni, kanga ikamzunguka mara moja. Magoti yakakunjika. Siku moja nilimwona akiteremka kwenda kisimani, umbali mfupi tu, mwili umenyooka, kiuno kinayumba kushoto. Nilikaa chini kwenye nyasi. Sikulia. Nilikaa tu.

Kichwa hakikurudi. Alisinzia mchana, macho yake yakawa mazito kupanda juu, majina yakamtoka moja moja. Akiba yake yote ilianza kuondoka. Alitazama mtu anayemjua miaka hamsini, akakosa cha kumwigiza. Tuliporudi Dar kwa uchunguzi nilimuuliza daktari, kama ningesema siku ya kwanza, au kama mtu mmoja tu kijijini angesema pole miaka mitano nyuma, je, kichwa kingepona?

Alivua miwani. "Siku moja haikubadilisha kitu, mama. Miaka mitano, labda. Siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana."

Nilimshukuru. Nimekaa na jibu hilo hivyohivyo lilivyo.

Mara ya mwisho tulipozungumza vizuri vidonge vilikuwa vimeshaisha. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeinuka, yeye ameegemea ukuta wa nyumba yake akiota jua. Siku hiyo alinijua.

"Shikamoo Mtani."

"Marahaba, mchawi wangu. Umekuja kuona kama nimekufa?"

"Nimekuja kuona kama umekula."

Akauliza, "Nikifa nani ataniigiza?"

"Zamu ni ya kwetu. Labda mimi."

"Wewe! Wewe kuku ukimfukuza hugeuka kukuuliza umesemaje." Akacheka peke yake. "Haya, niigize sasa, nione ninachoachiwa."

Nilikataa, akashikilia. Nikachukua tenga lake pembeni ya mlango, nikajitwika, nikaanza kwenda kuelekea migomba. Nilichechemea. Sikufikiri, mguu ulikwenda wenyewe, maana miaka mitano ndivyo nilivyomwona, na ndivyo kijiji kizima kingemtambua.

"Simama," alisema. "Huyo nani?"

"Wewe."

"Mimi sichechemei. Huo mguu si wangu, ni wa wale wageni. Kitanda si mtu, nimewaambia mara ngapi? Lete hilo tenga."

Akajishika ukutani akainuka. Niliogopa ataanguka, nikamfuata mikono wazi. Alijitwika, akaachia ukuta. Akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, mwili umenyooka, ncha za vidole kwenye ukingo wa tenga, na midomo ikapiga ule mluzi usio na wimbo. Akageuka. "Hivi." Akarudi, akanitwika tenga. Nilitembea. Alinisahihisha kiuno, akanisahihisha mkono. "Usilishike, liguse tu, si mwizi huyo." Nilikwenda na kurudi mara nne au tano. Mara ya mwisho hakunisahihisha. Alikuwa akinitazama kwa makini sana, kama alivyokuwa akitazama watu sokoni.

"Hapo umempata," akasema. "Mwendo mzuri. Ni nani huyu tunayemwigiza? Amekufa lini?"

Nilisimama na tenga kichwani.

"Hajafa," nikamwambia.

Akashtuka. "Hajafa? Basi liweke chini hilo tenga, mwanangu. Mtu haigizwi akiwa hai."

Nikaliweka chini, nikakaa karibu naye, tukaota jua.